Sare na mavazi ya wanafunzi: shule ikaze wapi, ilegeze wapi? Tuweke vipimo mezani

#1 chaki_nyeupe

Wakuu, heshima kwenu. Kila muhula unapofunguliwa mjadala huu hurudi palepale: shule hii inamrudisha mtoto nyumbani kwa sababu ya soksi, shule ile wanafunzi wanaingia na nguo za nyumbani na hakuna anayeuliza. Safari hii naomba tuujadili kiufundi. Walimu wa nidhamu, wajumbe wa bodi, mafundi cherehani, wanasheria, wahudumu wa afya, karibuni.

Msimamo wangu ni huu: sare isimamiwe kwa ukali, ila ukali ukae kwenye kanuni ilivyoandikwa na kwenye walimu wote kuifuata kwa namna moja kila siku. Adhabu iwe ndogo, ya haraka, na isimtoe mtoto darasani. Shule nyingi zimefanya kinyume. Kanuni imeandikwa ovyo, inakumbukwa siku mkuu wa shule akisimama getini, halafu adhabu inayotoka ni ya kukosesha masomo siku tatu.

Chukueni ukaguzi wa getini. Shule ina wanafunzi 600, wengi wanaingia ndani ya dakika 20 za mwisho kabla ya kengele. Dakika 20 ni sekunde 1,200, kwa hiyo mwalimu mmoja ana sekunde 2 kwa kila mtoto. Kwa sekunde 2 huoni soksi, mkanda, kucha wala nywele, unaona sura. Ndiyo maana wanaokamatwa ni walewale wanaofahamika, na aliyevaa raba za rangi anapita kwa sababu juu amechomekea vizuri. Foleni ikiwa ndefu watoto wanachelewa mstarini, kisha wanaadhibiwa kwa kuchelewa ambako shule yenyewe imesababisha.

Ukaguzi uhamie darasani wakati wa kuita mahudhurio. Wanafunzi wasimame kando ya madawati, mwalimu wa darasa apite mistari. Darasa la watoto 45 linaisha kwa dakika 3 au 4, na mwalimu huyo ndiye anayejua nani ana shati moja tu. Mbele ya jina aandike herufi moja: P kwa pungufu (hana kifaa), C kwa chafu au iliyochanika, M kwa makusudi (anayo hajaivaa, au ameibadilisha mshono). Watoto wa P, C na M wanahitaji hatua tatu tofauti, na kuwachapa wote kwa fimbo moja ndiko kunakoharibu kazi.

Ijumaa mtu mmoja ajumlishe. Kifaa kimoja kikikosekana kwa zaidi ya mwanafunzi mmoja kati ya kumi, acha kukimbizana na watoto, chunguza kifaa: ni ghali, hakipatikani, kinachuja rangi, au hakiendani na hali ya hewa.

#2 Mkufunzi_K

Mkuu, hesabu zako nimezielewa, ila usimwondoe mwalimu getini. Kuna makosa yanayokufa palepale: shati halijachomekewa, hereni hazijatolewa, sweta ya nyumbani imevaliwa juu ya sare. Mtoto anarekebisha kwa sekunde 10 kabla hajakanyaga ndani. Hayo hayo ukiyasubiri darasani yanakula kipindi cha kwanza, na wenzake wote wanatazama.

La pili, walimu wanaokaza hawafanyi hivyo kwa roho mbaya. Mavazi yakiachwa hayabaki pale ulipoyaachia. Mwanzo tai inapotea, baadaye suruali zinabanwa, baadaye kila mtu ana kofia. Kuyarudisha katikati ya mwaka ni kazi kubwa kuliko kuyashika tangu wiki ya kwanza.

#3 chaki_nyeupe

Nakubali, na nairekebisha hoja yangu: getini yabaki yanayorekebishika papo hapo, bila rejista na bila adhabu. Darasani yaende yasiyorekebishika siku hiyo.

Kuhusu kushika wiki ya kwanza tuko pamoja kabisa. Ila kushika kunataka walimu wote 30 waone kitu kimoja. Mwalimu wa hesabu akikamata, wa jiografia akiachia, mwanafunzi anajifunza kusoma ratiba ya walimu. Dawa yake ni karatasi moja ya A3 yenye picha ya sare kamili mbele, nyuma na miguuni, ibandikwe kwenye chumba cha walimu na kila darasa. Vifaa vya lazima visizidi vitano au sita. Kikao cha walimu kiipitishe, wazazi wapewe wiki mbili za taarifa, ndipo ianze. Kifaa kinachobishaniwa chumba cha walimu kisiingie kwenye karatasi mpaka ubishi uishe.

#4 Cherehani_Moja

Naongea upande wa mshono, maana nusu ya kesi zinazoitwa utovu wa nidhamu zimeanzia mezani kwa fundi.

Urefu. Mtoto wa miaka 6 hadi 10 anaongezeka kama sentimita 5 au 6 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya hiyo inaenda miguuni. Akiingia balehe anaweza kufika sentimita 8 hadi 10 kwa mwaka mmoja. Sketi iliyokuwa chini ya goti Januari inakaa juu ya goti Novemba bila mtu kuigusa na mkasi. Shule ikitaka urefu uheshimiwe, iandike kwenye fomu ya kujiunga: pindo la sketi lisipungue inchi 3, la suruali inchi 2, lishonwe kwa mkono au kwa mshono mrefu unaofumuka, na kitambaa cha ndani kisikatwe. Fundi anayebana kitambaa anaweka pindo la nusu inchi, mtoto akirefuka hakuna cha kushusha. Sketi yenye pindo la inchi 3 kwa mtoto mdogo inaenda miaka miwili au zaidi.

Ukishusha pindo unabaki mstari. Kama ni alama ya mkunjo tu, changanya siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, lowesha kitambaa cheupe, weka juu ya mstari, piga pasi. Kama rangi imefifia kwa jua, mstari hautoki. Shona ufito mwembamba wa rangi ileile juu yake. Walimu wauhesabu ufito huo kuwa ni sare halali.

Marinda. Sketi ya marinda kamili kuzunguka inakula kitambaa mara tatu ya kipimo cha nyonga. Nyonga ya inchi 34 inataka inchi 102 za kitambaa kabla hujaweka mshono. Ndiyo maana mzazi mwenye mfuko mdogo anashonesha marinda manne mbele na nyuma tambarare, halafu mtoto anaandikwa kosa. Marinda mawili mbele na mawili nyuma yanatosha mtu kutembea, kukimbia na kukaa. Kiuno kiwe na lastiki nyuma, kinaongezeka inchi 2 bila kufumuliwa.

Kitambaa. Mchanganyiko wa poliesta asilimia 65 na pamba asilimia 35 ndio unaovumilia kufuliwa kila siku mbili. Pamba tupu inavuta jasho vizuri lakini inasinyaa, kwa hiyo ilowekwe na kukaushwa kabla ya kukatwa. Poliesta tupu ni rahisi, lakini inaziba joto, na ikishika moto inayeyuka na kuganda kwenye ngozi, hivyo haifai kuingia nayo maabara. Shati jeupe lenye poliesta likilowekwa kwenye dawa kali ya kung'arisha linageuka manjano, na hapo mtoto anaambiwa mchafu wakati mama yake amefua kupita kiasi.

Rangi. "Bluu" haitoshi, hata "bluu bahari" haitoshi, kwa sababu kila mkupuo wa kiwandani hutofautiana kidogo. Ofisi iwe na vipande vya sampuli vya inchi 4 kwa 4 inavyowagawia mafundi, na tofauti ndogo ikubalike. Shule inayokataa sketi kwa sababu imekoza kidogo inamwadhibu mtoto kwa kazi ya kiwanda.

#5 Mzazi_Mdadisi

Shukrani fundi. Swali: suruali za kubana shule izipimeje? Maana "suruali isiwe modo" kila mwalimu ana modo yake.

#6 Cherehani_Moja

Pima upana wa pindo suruali ikiwa imelazwa mezani. Kwa kiuno cha inchi 28 kwenda juu, pindo lisipungue inchi 7 na nusu. Kwa watoto wadogo, inchi 6 na nusu. Kipimo kingine cha haraka: suruali ipite kisigino bila kuvuliwa kiatu. Aliyeibana kwa mshono mpya wa ndani bila kukata anaweza kuifumua jioni hiyohiyo, dakika 20 kwa mkono. Aliyekata kitambaa hawezi kurudisha. Kwa hiyo siku ya kwanza ageuze ndani nje aonyeshe mshono, halafu mpe siku zinazolingana na kazi yenyewe.

#7 BodiYaShule2

Tuongee ukweli. Bila kumrudisha mtoto nyumbani, wazazi wengine hawanunui. Wanaambiwa Januari, Machi bado. Anayelipa gharama za upole ni nani?

#8 chaki_nyeupe

Mjumbe, hoja yako ni ya haki na inastahili jibu lenye takwimu. Evans, Kremer na Ngatia walifanya utafiti Kenya, watoto waligawiwa sare za bure kwa bahati nasibu. Utoro ulipungua kwa asilimia 44 kwa wastani, na kwa wale ambao hawakuwa na sare kabisa ulipungua kwa asilimia 62. Maana yake ni kwamba kwa kundi kubwa la watoto sare yenyewe ndiyo iliyokuwa inawazuia kuja. Ukimrudisha mtoto wa namna hiyo unamwongezea kilekile kinachomfukuza. Niseme na upande wa pili ili tusidanganyane: walipofuatiliwa baada ya miaka minane, haikuonekana kwamba sare hizo zilikuwa zimewafikisha mbali zaidi kimasomo. Sare inamfikisha mtoto darasani. Kinachofuata ni kazi ya mwalimu.

Sasa mbadala wa kurudisha nyumbani ni stoo ya kuazima. Kwa shule ya 600, anza na seti 20. Mashati yawe mengi kuliko suruali na sketi, kwa uwiano wa 3 kwa 2, kwa sababu shati ndilo linalochafuka na kuchanika. Saizi za katikati ziwe nusu ya stoo. Chanzo chake ni wanafunzi wanaomaliza: fomu ya kurudisha vitabu iwe na mstari wa kuomba sare moja kwa hiari. Soksi na viatu usiviweke kwenye kuazima; viatu vinatoa malengelenge na kuambukiza fangasi, hivyo mtoto apewe kabisa au aruhusiwe alivyonavyo.

Nguo ya kuazima isiwe na alama inayoonekana. Namba iandikwe ndani ya ukosi au ndani ya kiuno. Shule zinazotoa shati la rangi nyingine kwa walioazima zimegeuza msaada kuwa adhabu, na siku ya pili mtoto anabaki nyumbani.

Utaratibu wa P uwe hivi. Siku ya kwanza anaazima kabla ya kipindi cha kwanza, mzazi anapigiwa simu au kutumiwa ujumbe unaotaja kifaa kimoja kinachokosekana. Mzazi ataje tarehe mwenyewe, na tarehe iandikwe. Ikipita bila kitu, aitwe ofisini mzazi, mtoto akiwa anasoma. Hapo ndipo utagundua kama ni uzembe au ni shida, na kama ni shida ofisi ya ustawi au kamati ichukue. Ukali wote ambao ungemmwagia mtoto, uelekeze kwenye kufuatilia tarehe hiyo.

#9 Mkufunzi_K

Na M je? Tusije tukawa na utaratibu mzuri wa maskini na hakuna wa mkaidi.

#10 chaki_nyeupe

M: anabadilisha palepale kwa nguo ya stoo, kifaa kisichoruhusiwa kinawekwa kwenye bahasha yenye jina na tarehe, kinarudishwa kwa mzazi si zaidi ya Ijumaa. Akirudia, anapoteza muda wake mwenyewe: mapumziko au nusu saa baada ya masomo, siku ileile. Adhabu inayokuja wiki mbili baadaye haimfundishi kitu. Na nguo isichanwe, kofia isichomwe, hereni zisipotee kwenye droo. Mali ya mtu ikiharibiwa na mwalimu, kesi inahama kutoka kwa mwanafunzi kwenda kwa shule.

#11 Wakili_Mtaani

Hapo mwisho umegusa penyewe. Niongeze kisheria, kwa kesi zinazojulikana.

Mahakama katika nchi nyingi hazipingi sare. Zinachouliza ni kama shule ilitoa nafasi ya msamaha, na kama kanuni ilifuatwa kwa utaratibu. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, katika kesi ya Pillay, iliamua kwamba shule ilipaswa kumruhusu mwanafunzi wa kike kuvaa kipini cha puani kilichohusiana na dini na utamaduni wake. Mahakama haikuifuta sare. Ilisema msamaha wa aina hiyo hauivunji nidhamu ya sare. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba mwanafunzi wa imani ya Rastafari asizuiwe kusoma kwa sababu ya nywele zake.

Upande wa pili, kesi ya Begum Uingereza mwaka 2006. Mwanafunzi alitaka kuvaa jilbabu, shule ikakataa, na House of Lords, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, ikaipa shule ushindi. Shule ilikuwa imeshauriana na wazazi na misikiti, ilikuwa tayari na sare mbadala inayositiri pamoja na hijabu, na zilikuwepo shule nyingine ambazo angeweza kuvaa alichotaka. Maandalizi hayo ya miaka ya nyuma yalikuwa na uzito mkubwa kwenye hukumu.

Kwa hiyo kanuni za shule ziwe na ibara ya msamaha: mzazi anaandika barua ya ukurasa mmoja akitaja kifaa na sababu (dini, afya, ulemavu), shule inajibu kwa maandishi ndani ya siku 7, na wakati anasubiri mwanafunzi anaendelea na masomo. Majibu yawekwe kwenye faili, maana mwombaji wa pili mwenye sababu ileile lazima apate jibu lilelile.

Kuhusu kurudisha nyumbani, mwongozo wa serikali kwa shule za England unaruhusu mtoto aende kubadilisha na kurudi, kwa muda usiozidi unaohitajika, na baada ya kuangalia umri wake na usalama wake. Akiwekwa nje zaidi ya hapo, inaweza kuhesabiwa kuwa amefukuzwa kinyume cha sheria. Hata shule isiyofungwa na mwongozo huo ingefaa ijiulize: kama mtoto wa miaka 9 akipata ajali njiani saa nne asubuhi baada ya kutolewa getini, nani alikuwa na dhamana naye?

#12 Mzazi_Mdadisi

Na duka moja lililoteuliwa na shule? Hilo halisemwi.

#13 Wakili_Mtaani

Liandikwe kwenye kanuni kwamba shule inataja rangi, kitambaa na mshono, mzazi anachagua pa kununua. England walitunga sheria ya gharama za sare mwaka 2021, na mwongozo wake unazitaka shule zipunguze vitu vyenye nembo, ziepuke muuzaji mmoja asiye na ushindani, na zihakikishe nguo zilizotumika zinapatikana. Nembo itolewe kama kiraka cha kushonea mfukoni. Kiraka kinafumuliwa na kuhamia shati jipya. Nembo iliyotariziwa moja kwa moja kwenye kitambaa inakufa na shati.

#14 Nesi_wa_Shule

Nilikuwa nawasoma kimya, sasa naomba nafasi, maana kunyoa wanafunzi kunatetewa kwa hoja ya afya isiyo sahihi.

Watoto wananyolewa wote shuleni "kuzuia mapunye". Mapunye ni fangasi wa ngozi ya kichwa, na mashine moja ikipita vichwa 40 bila kusafishwa inawasambazia. Kama kunyoa ni lazima, nywele ziondolewe kwenye meno ya mashine na meno yatiwe dawa ya kuua vimelea baada ya kila kichwa, na mwenye mabaka yenye magamba asinyolewe na mashine ya wengine. Matibabu ni vidonge kwa wiki kadhaa kwa maelekezo ya mhudumu wa afya. Krimu peke yake haifiki kwenye mzizi wa unywele. Mtoto anayetumia dawa hana sababu ya kuzuiwa darasani.

Mwalimu kumkata mwanafunzi nywele kwa mkasi mbele ya mstari ni hatari kwa ngozi na ni udhalilishaji. Kanuni ya nywele inayopimika ni hii: zisifunike macho, zifungwe nyuma maabarani na karakana, ziwe safi. Hayo mwalimu anayaona kwa jicho bila kumgusa mtoto.

Kuhusu wasichana, sketi nyeupe au kijivu hafifu inaonyesha damu ya hedhi, na msichana anayehofia doa hasimami kujibu swali. Rangi nzito upande wa chini inaondoa tatizo kwa gharama sifuri kama sare bado haijaamuliwa. Kufunga sweta kiunoni kusihesabiwe kosa siku yoyote, na asiulizwe kwa nini. Stoo ya kuazima iwe na sketi mbili za kila saizi ofisini kwa mwalimu wa kike, pamoja na pedi na mfuko wa kubebea nguo yenye doa.

Urefu wa sketi upimwe na mwalimu wa kike, faragha, mwanafunzi amesimama wima, rula ikianzia katikati ya pia ya goti. Kupigishwa magoti mbele ya wenzake kusiwepo, na mwalimu wa kiume asipime. Wasichana wasikaguliwe mara mbili zaidi ya wavulana. Herufi za rejista aliyozitaja mleta uzi zitaonyesha hilo mwezi wa kwanza tu, mkizitenganisha kwa jinsia.

#15 BodiYaShule2

Hiyo ya kutenganisha kwa jinsia nimeichukua. Naona pia baridi: sweta moja ya shule haitoshi asubuhi za kipupwe. Tumeelekea kuruhusu koti lolote la rangi nzito lisilo na maandishi, livuliwe darasani.

#16 Mkufunzi_K

Sawa, ila msiandike "lolote". Andikeni rangi tatu: nyeusi, bluu iliyokoza, kijivu. Na tarehe ya kuanza na kuisha, vinginevyo mtabishana mpaka kiangazi.

Nina swali kwa fundi. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, kabakiza miezi minne, suruali iko juu ya kifundo cha mguu na pindo lilishashushwa. Dada yake sketi iko juu ya goti, pindo nalo limeisha. Wazazi hawatanunua mpya kwa miezi minne, na sioni haki kuwalazimisha. Kinafanyika nini?

#17 Cherehani_Moja

Suruali: kama pindo lilishushwa nusu tu, lifumue lote, chukua utepe wa kitambaa chepesi wa inchi 2, shona ukingo wake kwenye ukingo wa suruali, kunja utepe wote uingie ndani. Hilo ni pindo bandia, na kitambaa chote cha suruali kinaenda kwenye urefu. Unapata kati ya inchi 1 na inchi 1 na nusu. Kama pindo lilishaisha kabisa, ongeza mkunjo wa nje wa kitambaa kinachokaribia rangi, inchi 2, miguu yote miwili, uonekane umekusudiwa.

Sketi usiiongezee chini, itaonekana kiraka. Fungua mkanda wa kiuno, ingiza kipande cha inchi 3 kati ya mkanda na marinda, zipu ipandishwe ianzie juu ya kipande. Shati likivaliwa nje au sweta ikishuka, hakionekani. Kama shule inalazimisha kuchomekea, tumia rangi ileile na mwalimu wa darasa aandike kwenye rejista kwamba imeongezwa, ili wa zamu asimkamate tena.